Ngazi ya Kisima

Mkwe wangu Rwezaura ana miaka thelathini na minne, lakini ni mtu wa zamani. Kwao Ihanda alilelewa na bibi yake, naye alimfundisha kwamba mama mkwe hasogelewi, haguswi, wala hasemeshwi ana kwa ana. Tangu amwoe binti yangu Kokuberwa, miaka sita sasa, hatujapeana mkono. Maneno yetu yote hupitia kwa Kokuberwa, hata tukiwa uani pamoja.

Julai hii alisikia miche yangu ya kahawa inakauka. Akaja Kibingo na Kokuberwa kwa bodaboda mbili, yeye amepakata pampu ya petroli ya kuazima kama mtoto mchanga. Hakuna aliyemwomba.

Aliiweka kando ya kisima, akaijaza maji kwanza kama inavyotakiwa, akakaza mipira. Ikanguruma, lakini maji yalikuwa chini mno, haikuweza kuyavuta. Mimi nilikuwa shambani nakata majani ya kufunika miche. Huku nyuma akaifunga kamba, akaishusha ndani ya kisima hadi kwenye kidato cha udongo karibu na maji, akashuka kwa ngazi, akaiwasha, akapanda haraka. Niliporudi, pipa lilikuwa linajaa na mkwe wangu anatabasamu.

Kisha pampu ikazima.

"Petroli imeisha," akamwambia Kokuberwa. "Nashuka kuongeza."

Nikachukua kigoda, nikakiweka penye ngazi, nikakaa. Nikaanza kumenya ndizi.

Rwezaura akasimama mbali, anatazama migomba.

"Mama Ainebyona," akamwita mke wake, "mwambie mama anipishe."

"Mama, anasema umpishe."

"Mwambie miguu yangu inauma kwa kusimama."

"Anasema miguu yake inauma kwa kusimama."

"Mwambie ni dakika mbili tu. Na moshi umeshatoka."

"Mwambie moshi unaoua hauonekani wala haunuki," nikasema. "Mwaka juzi tulizika ndugu wawili wa ng'ambo ya mlima. Wa kwanza alifuata pampu. Wa pili alimfuata wa kwanza."

Kokuberwa akafungua mdomo.

"Usirudie," Rwezaura akamwambia. "Lakini mimi nimeshashuka leo na nimepanda mzima!"

"Mwambie alishuka kabla injini haijanguruma humo nusu saa. Na mwambie sina mbavu za kumzuia. Akitaka, anibebe aniweke pembeni."

Rwezaura akarudi nyuma hatua tatu.

Nikamenya ndizi ya saba. Jua lilikuwa limefika kichwani kwangu. Akavua kofia yake, akampa mke wake. "Mpelekee mama, ataungua." Nikaivaa. Ilikuwa kubwa, ikanifunika nyusi. Nikaendelea kumenya.

"Miche itakufa," akasema baadaye. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

"Mwambie miche inanunuliwa."

"Basi mwambie ashushe kuku kwanza," akasema kwa hasira. "Kuku akipanda mzima, nami nashuka."

"Mlete," nikasema.

Kuku wa karibu alikuwa jogoo aliyefungwa mlangoni kwa ajili ya chakula cha mkwe. Kokuberwa akamtia kwenye kapu, akafunika, akafunga kamba, akamshusha hadi kwenye pampu. Jogoo alilalamika sana. Kisha akalalamika kidogo. Kisha tukasikia nyuki kwenye migomba.

Kokuberwa akavuta kapu. Jogoo alikuwa amelala, shingo imelegea. Hakuwa na jeraha lolote. Alionekana kama aliyechoka na safari.

Rwezaura akamtazama muda mrefu. Akakaa chini mavumbini na suruali yake nzuri. Kokuberwa akaenda kukaa karibu naye, akamshika mkono.

Baadaye waliivuta pampu kwa kamba, wakiwa juu. Rwezaura akafunga ndoo kwenye kamba hiyohiyo, akachota maji mchana kutwa akiwa amesimama ukingoni. Miche mia mbili na arobaini ikapata kikombe kimojakimoja. Viganja vyake vikachubuka. Niliona damu kwenye kamba.

Jogoo alizikwa, maana hakuchinjwa. Jioni mgeni wangu akala ndizi na maharage. Mimi nilikaa jikoni, nyuma ya ukuta, nikisikiliza kijiko kinavyogonga sahani. Akaomba kuongezwa. Nikamwongezea. Kijiko kilipotulia, nikampa Kokuberwa sahani ya tatu ampelekee, bila kuombwa.