Sahihi ya Tatu

Mimi ni mpiga chapa, na kwenye korido hii ya mawakili wananiita Mama Nakala. Si jina la sifa. Wamenipa kwa sababu kila mkataba ninaouchapa nauwekea nakala kwenye bati la biskuti, na kwa sababu nina tabia inayowachosha watu: siutoi mkataba mpaka niusome kwa sauti mbele ya kila aliyekaa kwenye benchi, hata kama amekuja kushika mwavuli tu. Kisha nauliza, "Nani hajaelewa?" Atakayejibu, maneno yake nayaandika kwa penseli pembeni ya nakala yangu. Wakili wa chumba cha mwisho hunitania kwamba siku moja nitaandika hata kikohozi cha mtu. Mwache acheke.

Asubuhi moja walinijia wawili. Wa kwanza ni Mzee Pindo, fundi cherehani aliyestaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa pindo zake hazikuwahi kufumuka. Wa pili ni kijana wake wa kazi wa zamani, ambaye sasa ana mvi zake mwenyewe na tunamwita Fundi. Miaka mitatu nyuma Fundi alilinunua duka la Mzee Pindo, na mkataba niliuchapa mimi. Humo mlikuwa na kipengele nilichokipenda: dada mkubwa wa Mzee Pindo, ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi, atashonea kwenye mashine ya dirisha la mbele kwa muda wote atakaotaka. Shangazi hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Waliokubaliana ni hao wawili, ila ahadi ilikuwa yake.

"Tunataka hicho kipengele cha dirisha kifutwe," alisema Fundi. "Pale nataka kuweka kabati la kioo, nguo zionekane barabarani. Shangazi atahamia nyuma, karibu na stoo."

"Nyuma kuna giza."

"Taa ipo."

Nikamgeukia Mzee Pindo, aliyekuwa anakagua kucha zake. "Na wewe Mzee, unapata nini?"

Fundi ndiye aliyenieleza. Juu ya mlango wa duka bado kuna kibao kilichoandikwa "Mzee Pindo", naye Fundi alitaka kukipaka rangi aandike jina lake. Mkataba haukusema lolote juu ya kibao. Basi wameelewana: kibao kibaki, dirisha liondoke.

Nilikasirika, sifichi. Mtu mzima amemuuza dada yake kwa kopo la rangi, tena rangi yenyewe haijafunguliwa.

"Mwenye dirisha anasemaje?"

"Shangazi hakusaini, mama yangu," alisema Fundi kwa adabu zake zote. "Tulifunga wawili, tunafungua wawili. Kuna ubaya?"

Hoja alikuwa nayo. Lakini yule wakili wa chumba cha mwisho aliwahi kunieleza jambo hili nilipomchapia kesi inayofanana nalo. Wawili wakimwekea wa tatu haki yake ndani ya mkataba, wakamtaja, naye akawaambia ameikubali au akapanga maisha yake kwa kuitegemea, hawawezi tena kumnyang'anya kisogoni. Labda wawe wameandika tangu mwanzo kwamba wanaweza. Kabla hajakubali, wabadili watakavyo. Kwa hiyo nilibaki na swali moja tu: Shangazi alikubali?

"Atakubalije, na siku ile hakuwepo?" alisema Mzee Pindo.

Nikalishusha bati. Nakala yao ilikuwa karibu na chini, na mle ndani hapakuwa na ruhusa yoyote ya kubadili. Pembeni palikuwa na mwandiko wangu wa penseli, nami nikausoma kama ulivyo: "Dada wa muuzaji, ameshika miwani ya kaka yake. Amesema: Nimeelewa, nashukuru. Basi cherehani yangu ya nyumbani nitampa binti wa jirani anayeolewa, mimi siihitaji tena."

Mzee Pindo aliishika miwani yake usoni kama anayehakikisha ipo. Miaka arobaini yule dada amemshikia mikasi, chaki na miwani, amemzoea mno, na ndiyo maana hakumkumbuka kuwa alikuwepo siku ile. Nilimwonea huruma kidogo, lakini kidogo tu.

Nikaipeleka nakala kwa wakili wa chumba cha mwisho, akaipitia, akatuambia, "Huyu alikubali. Mwiteni."

Shangazi alikuja na tepu yake shingoni na nyuzi begani. Nilimweleza kila kitu bila kupunguza.

"Mmelizungumza lini hili?" alimuuliza mdogo wake.

"Juzi, dada."

"Juzi tulikula pamoja."

Shangazi akanigeukia. "Nikikataa?"

"Basi dirisha ni lako, kama lilivyo."

"Basi nakataa."

Nilitegemea alegee, maana wanawake wa umri wetu tumezoeshwa kulegea. Wapi! Alikaa kwenye benchi, akaanza kuokota nyuzi begani moja moja, na wanaume wawili wakabaki wanatazama sakafu. Alipomaliza akasema, "Haya. Sasa niombeni."

Fundi alifungua mdomo, lakini Mzee Pindo alimtangulia. "Dada, naomba jina langu libaki. Nikipita pale nisilione, nitajiona nimeshakufa." Kisha akaongeza, "Nilipaswa kuja kwako kwanza."

"Ulipaswa," alisema Shangazi. Alimtazama kwa muda, na macho yake yalikuwa yamelowa. Kisha akamuuliza Fundi, "Kabati lako lina upana gani?"

"Futi tano, Shangazi."

"Dirisha lina futi nane na nusu. Mimi na mashine tunatoshwa na tatu na nusu, upande wa jua la asubuhi. Tano chukua. Lakini kibao hakiguswi mpaka tumzike huyu."

"Nimekubali," alisema Fundi haraka, kabla Shangazi hajabadili mawazo.

Nikaweka karatasi mpya kwenye mashine. Chini ya mkataba wao wa kwanza nilikuwa nimechapa mistari miwili ya sahihi. Safari hii nilichapa mitatu. Nikausoma kwa sauti mpaka mwisho, nikauliza nani hajaelewa, na hakuna aliyekohoa.

Shangazi alitangulia, akaandika taratibu, herufi baada ya herufi. Mzee Pindo akaipokea kalamu, akaweka miwani sawa, akauliza asaini wapi.

"Chini ya dada yako," nikamwambia.