Kichwa cha Kuazimwa

Jumatatu ile asubuhi Naima wa mapokezi alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, maana upepo wa Julai unaoteremka kutoka milima ya Mbizi ulikuwa ukipenya chini ya mlango wa makumbusho na kumpanda miguuni. Alikuwa amevaa sweta juu ya sweta. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamume asiye na kichwa.

Alikuwa amejifunga begani nguo nzito ya pamba iliyofumwa kwa mkono, ya aina ambayo siku hizi huonekana ndani ya kabati la kioo tu, kule ukumbi wa pili. Alikuwa peku, na udongo mwekundu ulimfika magotini. Shingo yake iliishia juu kidogo ya mabega, pakavu, kama kisiki cha mti uliokatwa zamani. Naima alimwamkia, kisha akakumbuka kwamba mgeni hana masikio, akamgusa mkono. Ulikuwa wa baridi kuliko kioo cha dirisha. Wazee hawatozwi kiingilio, na kwa ngozi ya mikono ile huyu alikuwa mzee, kwa hiyo Naima alimshika kiwiko akamketisha kwenye benchi la wageni, akanyanyua simu.

"Daktari," alisema, "mwenye fuvu amefika."

Daktari Cornelia alikuwa Mkurugenzi wa Utafiti na Mikusanyo. Watafiti na wahifadhi wote walikuwa chini yake, na hapakuwa na kitu kilichoingia stoo au kutoka bila idhini yake. Alizaliwa hapahapa Sumbawanga lakini alikulia Morogoro, ambako baba yake alihamishiwa kufundisha, kwa hiyo Kifipa alikisikia kwa mbali tu. Aliporudi kushika cheo hiki alikuwa na jambo moja moyoni. Katika chuo kimoja cha ng'ambo kulikuwa na chumba chenye mafuvu ya watu wa nyanda hizi, yaliyobebwa enzi za Wajerumani, naye alitaka watu hao warudi. Alibembeleza kwa miaka. Hatimaye likaletwa la kwanza, ndani ya sanduku la mbao, na siku ya kulipokea padri aliomba, shehe akaomba, ngoma zikapigwa, na mgeni rasmi akasema kwenye kipaza sauti kwamba mzee wetu Sikombe, mfua chuma, amerudi nyumbani.

Cornelia alikuwa mstari wa mbele. Alijua kwamba fuvu halikurudi. Liliazimwa kwa mwaka mmoja, na sahihi iliyo chini ya mkataba ilikuwa yake. Alipiga makofi kama wenzake.

Sasa alishuka ngazi, akamkuta mgeni ameketi wima, mikono juu ya magoti. Alisikia harufu ya udongo uliochimbuliwa. Mgeni alikuwa ametembea kutoka upande wa vilima, nje ya Milanzi, akapita Chanji wakati maduka yanafunguliwa. Amin, muuza vifaa vya ujenzi, alisema baadaye kwamba alipomwona aliondoa mifuko ya saruji njiani ili mzee asijikwae, na kwamba mzee alikuwa akienda kama mtu anayevuka chumba chake gizani.

Cornelia alimwita Baltazari, mhifadhi mkuu, wakashauriana pale pale kwenye korido. Utaratibu haukuwa na kifungu cha mtu kuja kukiona kichwa chake. Ulikuwa na kifungu cha watafiti wa nje. Cornelia akaamua aingizwe kama mtafiti wa nje, chini ya uangalizi, saa za kazi, na avae glovu. Baltazari alimvalisha moja moja. Mzee alitulia kama mtoto anayefungwa vifungo vya shati.

Stoo ya mikusanyo huwa na sauti zake. Mbao hupasuka kidogo kidogo, ngozi za ngoma hukaza na kulegea kadiri baridi inavyopanda na kushuka. Siku hiyo vyote vilinyamaza. Baltazari alifungua sanduku, na fuvu lilikuwa limegeukia mlango, kama lilivyofanya kila siku tangu lilipofika. Kila asubuhi alikuwa akiligeuza na kila asubuhi alilikuta hivyo. Hakuwa amemwambia mtu kwa sababu halikuwa limeharibika.

Mzee alilichukua kwa mikono miwili. Alilipapasa polepole, paji, mashimo ya macho, taya lililofungwa kwa waya mwembamba. Kidole gumba chake kikakutana na namba iliyoandikwa kwa wino mweusi juu ya paji, akaisugua. Haikutoka. Akalinyanyua akaliweka shingoni, akaachia mikono, likadondoka. Baltazari alilidaka. Mzee alijaribu tena, taratibu zaidi, na Baltazari akalidaka tena. Mwishowe aliketi akalipakata mapajani, akalielekeza kwao, nalo likasema kwa Kifipa, kwa sauti ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Anauliza kama chuma kilitoka," alisema Baltazari.

 Cornelia alituma gari likamlete Zenon.

Zenon alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, na Sikombe alikuwa babu wa babu yake. Alikuja na koti lake la Jumapili, akavua kofia mlangoni mwa stoo, akapiga goti mbele ya fuvu na kuamkia. Kisha akaeleza, na Baltazari akamfasiria Cornelia kwa sauti ya chini. Kwamba siku askari wa Wajerumani walipomchukua mzee, tanuru la kilimani, lile ambalo Wafipa huliita ilungu, lilikuwa limeshawashwa na moto haungeweza kuachwa. Ndugu zake waliukesha huku wakilia. Chuma kilitoka, tena kizuri. Kikafuliwa jembe, mke wa mzee akapewa, naye alilima nalo matuta mpaka likabaki dogo kama kijiko, na ndilo alilozikwa nalo.

Mabega ya mzee yalianza kutikisika, na hakuna aliyeweza kusema kama anacheka au analia, kwa sababu uso uliokuwa mapajani haukubadilika. Yalipotulia, fuvu lilisema maneno machache.

"Anasema basi, twendeni nyumbani," alisema Zenon mwenyewe, kwa Kiswahili, akimwangalia Mkurugenzi.

Cornelia akaeleza ilivyo. Alieleza vizuri, kwa upole, kama alivyozoea kueleza mambo kwenye vikao. Zenon alisikiliza hadi mwisho huku akizungusha kofia mikononi.

"Kwa hiyo siku ile ya ngoma," aliuliza, "mlikuwa mnashangilia nini?"

Cornelia alisema kwamba walikuwa wanashangilia mwanzo. Zenon hakubisha. Alimwomba tu, kama ana nafasi, aje kesho aone jambo moja.

Kesho yake Cornelia alikwenda na gari la ofisi. Nyumba ya Zenon ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, juu ya mteremko mweupe kwa mabua makavu ya mahindi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la Sikombe, ambamo ndugu zake walizika mwili pasipo kichwa. Lilikuwa shimo. Tangu enzi za babu zake, Zenon alieleza, kila kiangazi ukoo ulikusanyika kulifukia, na kila masika lilikuwa limefunguka tena, pana kuliko kwanza. Halikutapika udongo nje. Liliumeza. Udongo mzuri wa shamba, ule wa juu, uliingia humo mwaka baada ya mwaka, na shamba likabaki changarawe. Lilishachukua zizi la mbuzi na kihenge cha ulezi, pamoja na ulezi wake. Sasa ukingo wake ulikuwa umefika chini ya ukuta wa chumba alimolala mama yake, Agnesi.

Cornelia alisogea akachungulia. Hakuona chini. Aliangusha kijiwe, akasubiri, hakusikia kitu. Hewa iliyokuwa ikiingia shimoni ilimvuta pindo la gauni, kwa utulivu, kama mtu anayetaka kuuliza jambo.

Mama Agnesi alikuwa ameketi juani, amejifunika blanketi. Alimkaribisha, akaomba aletewe togwa. Alisema usiku husikia shimo likipumua chini ya kitanda na hawezi kulichukia, maana ni baba wa ukoo ule alikoolewa.

"Sitaki mengi, mwanangu," alimwambia Cornelia. "Leteni kichwa chake, wamfukie, shimo lifunge. Nikifa nami niwekwe kwenye ardhi iliyotulia."

Cornelia alimshika mikono, akamwahidi kwamba atafanya kila linalowezekana. Siku hiyo aliamini hivyo.

Alhamisi alizungumza kwa video na profesa msimamizi wa chumba kile cha ng'ambo. Alikuwa mtu mpole, mwenye skafu shingoni. Cornelia alimweleza habari za mzee na za shimo, na profesa aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba anaelewa. Alisema hata kwao mafuvu hayo hugeukia dirisha la kusini. Wafanyakazi huyageuza asubuhi, na jioni yamerudi palepale. Wameshazoea. Kuhusu muda, alisema hakuna shida, mkataba unaweza kuongezwa, hata kwa miaka mingi. Kuzika ni jambo jingine. Kwa sheria zao kitu kilichozikwa ni kitu kilichoharibiwa, na baraza lao likisikia limeharibiwa moja litafunga mlango, na yaliyobaki hayatatoka milele.

"Na yaliyobaki ni chumba kizima, Daktari," alisema. "Wewe unakijua. Uliingia."

Ni kweli aliingia. Alikumbuka rafu zilizofika darini, na alivyosimama katikati akiwa amevaa glovu, na alivyohisi kwamba nyuso zote zinamtazama yeye, kumbe alikuwa amesimama mbele ya dirisha.

Alikaa ofisini siku nzima bila kupokea simu. Angeweza kumpa Zenon fuvu siku hiyohiyo; funguo zilikuwa mkobani mwake. Alizitoa, akaziweka juu ya meza, akaziangalia mpaka chai yake ikapoa. Ijumaa aliweka sahihi kwenye nyongeza ya mkataba.

Aliwaambia wote wawili pale stoo, Zenon na mzee. Mzee alikuwa ameshazoea, alikuja kila asubuhi akanyoosha mikono avalishwe glovu. Baltazari alifasiri. Fuvu liliuliza kama hao wengine ni watu anaowajua. Cornelia alisema huenda, kuna wa Nkansi na wa upande wa Kasanga, na kuna wanawake. Fuvu halikusema kwamba limekubali wala limekataa. Liliomba liwekwe dirishani, lione vilima. Baltazari alieleza kwa masikitiko kwamba mwanga wa jua hauruhusiwi kugusa mifupa. Wakaliweka karibu na dirisha, wakashusha pazia.

Zenon alivaa kofia yake. "Daktari," alisema, "unawahurumia sana wale usiowaona."

Baadaye Cornelia alituma barua ya kuusifu ukoo kwa ushirikiano wake, na makao makuu nao wakamtumia yeye barua ya kumpongeza. Wageni waliongezeka. Walimu walileta wanafunzi kumwona mzee akiwa amekaa na kichwa chake mapajani, na Naima aliwaomba waamkie kwa zamu, wasipige kelele. Ilipofika saa ya kufunga mzee alikirudisha kichwa mwenyewe sandukuni, akakizungushia karatasi laini, akavua glovu, akapapasa ukuta mpaka mlangoni.

Jumapili moja mwishoni mwa Agosti ukuta wa chumba cha Mama Agnesi ulipasuka kutoka juu hadi chini, na Zenon akaamua kuhama. Cornelia alipopata habari alikwenda na gari la ofisi kusaidia kubeba. Alikuta majirani wameshaezua bati na mama ameketishwa mbali kwenye kiti, na blanketi lake na picha ya Bikira Maria mapajani. Hakuna aliyemnunia. Alipewa sufuria, akazipeleka garini.

Sikombe naye alikuwepo. Makumbusho hayafunguliwi Jumapili, kwa hiyo macho na masikio yake yalikuwa mjini, ndani ya sanduku, ndani ya stoo. Lakini mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya wajukuu zake, na alibeba milango, vitanda na magunia ya mahindi bila kupumzika, huku Zenon akimwongoza kwa kiganja mgongoni, akimsukuma kidogo kulia, kidogo kushoto, mbali na ukingo. Shimo lilikuwa limefika katikati ya sebule. Lilipumua taratibu, na vumbi la sakafuni lilikuwa likisogea kwenda kwake.

Mzee alitoka na boriti ya paa begani. Cornelia alikuwa akirudi kutoka garini mikono mitupu, akasimama katika njia ile nyembamba kati ya nyumba na shimo. Zenon alivuta nguo ya mzee, mzee akasimama. Walikuwa karibu kiasi kwamba Cornelia aliona nyuzi za ile pamba, na juu yake, pale shingo ilipokauka, chungu wawili wakipita.

"Mpishe, Daktari," alisema Zenon. "Hakuoni."

Cornelia akampisha.