Wakazi wa Nyumba ya Kufulia

Kokushubila alikuwa na cheko lisilosikia amri. Lilianza kama kwikwi, likapanda mabegani, halafu likafumka kama uji uliosahauliwa jikoni, na likishafumka hapakuwa na mfuniko wa kulizuia. Lilimtoka kanisani kwao Bukoba siku padri alipokanyaga kanzu yake mwenyewe akipanda mimbarini. Lilimtoka siku ya posa yake, mbele ya wazee wa upande wa pili, kwa sababu ambayo mpaka leo hajamwambia mumewe.

Ndiyo maana asubuhi ile ya mwaka hamsini na nane, nyumbani kwao Temeke, mumewe Ansbert alipomaliza kunyoa ndevu aligeuka na taulo begani, akamtazama kwa macho ya kusihi.

"Mama Avelina, leo nakuomba kitu kimoja tu. Usicheke."

"Nicheke nini? Baraza si ngoma."

"Nakujua."

Ansbert alikuwa mwalimu kabla ya kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na siku hiyo ndiyo angesimama kumuuliza Waziri swali lake la kwanza. Wiki nzima alikuwa akilikariri kwa Kiingereza. Alilisema mbele ya kioo, akalisema akifunga kamba za viatu, mpaka Koku naye, aliyesoma shule ya masista na Kiingereza akakijua vizuri, akawa anajikuta analisema peke yake akipepeta mchele: Je, Serikali inaweza kulieleza Baraza kama nyumba ya kufulia iliyojengwa Temeke kwa fedha za umma inatumika, na inatumiwa na nani?

Nyumba yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka kwao. Serikali iliijenga vizuri, haki ya mtu apewe: paa la bati, sakafu ya saruji, makaro mapana ya kufulia yamejipanga pande zote, na juu ya kila karo bomba linalong'aa kama jino la dhahabu. Ilifunguliwa kwa hotuba na soda. Wageni wakaondoka, soda zikaisha, maji hayakuja. Wanawake wakaendelea kushuka bondeni kisimani na ndoo kichwani kama zamani. Baada ya miezi kadhaa jirani yao Somoe, mjane wa Kizaramo asiyependa kuona kitu kizuri kinakaa bure, alihamishia humo bata wake. Bata wakalipenda pahala. Walitaga ndani ya makaro, wakatotoa, wakazaana, na jioni walirudi mstari mmoja kama askari wanaoingia kambini.

Siku hiyo Koku alivaa gauni lake la Krismasi. Walikwenda mjini watatu: yeye, Somoe katika buibui lake jeusi, na Maryambai, mke wa Rahemtulla mwenye duka la kona. Maryambai alizaliwa Kilwa, na Kiswahili chake kilikuwa na chumvi kuliko cha Koku, ila Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji.

"Utatutafsiria," alimwambia Koku njiani. "Nisikae kule kama gogo."

Somoe alikuwa na wasiwasi wake. "Mumeo hatataja bata?"

"Hatataja. Swali linahusu maji."

"Maana mie bata wangu hawajamkosea mtu."

Ukumbini waliketi kwenye viti vya wageni, juu na nyuma kabisa. Chini yao wajumbe walikaa safu kwa safu, Waafrika, Wahindi na Wazungu, na mbele alikaa Spika na nywele zake za bandia zilizojikunja kama manyoya ya kondoo. Maryambai alizitazama sana zile nywele. Koku alihisi kitu kimemgusa mbavu, akakazana kutazama dari.

Zamu ya Ansbert ikafika. Akasimama, akavuta koti, akalisema swali bila kukwama hata neno moja. Koku alijaa fahari hadi kooni. Kisha Waziri akainuka. Alikuwa Mzungu mrefu mwekundu wa uso, amewahi kuwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, huko bara, na mkononi alishika karatasi aliyoandikiwa na watu wa chini yake. Akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni.

"Kasemaje?" Maryambai alinong'ona.

Koku alimwinamia. "Anasema nyumba ya kufulia ya Temeke inatumika kikamilifu."

"Inatumika na nani?"

"Ngoja. Anasema wakazi wa hapo wanaitumia kila siku, asubuhi na jioni."

Maryambai akafikiri kidogo. "Hapo hajasema uongo," alisema polepole.

Koku akauma mdomo. Waziri akaendelea kusoma.

"Sasa je?"

"Anasema," Koku alinong'ona, na sauti ikaanza kumtetemeka, "wakazi wameipokea kwa furaha kubwa. Na idadi yao inaongezeka mwezi hadi mwezi."

Maryambai aligeuka akamtazama Somoe. Kisha, kwa utulivu wa mtu anayepima sukari dukani, akasema, "Na wawili wanaatamia."

Kwikwi ikaja. Koku akajifunika mdomo kwa mkono, akaweka na wa pili juu yake. Akafikiria mazishi ya shangazi yake, akafikiria ndui, akafikiria mahubiri marefu ya Kwaresima. Kule chini Waziri akafika mwisho wa karatasi na kusema kwamba wakazi hao ni watu watulivu, wasafi, na Serikali haijapokea kutoka kwao lalamiko lolote.

Uji ukafumka.

Lilitoka cheko ambalo ukumbi ule haukuwahi kulisikia tangu ujengwe. Lilipanda mpaka darini likarudi chini. Wajumbe wakageuka. Maryambai naye likamdaka, akajifunika uso wote kwa mtandio, na mtandio ukawa unatikisika kama pazia lenye paka nyuma yake. Mzee mmoja wa Kihindi kwenye safu ya mbele, asiyejua kinachochekwa, akaanza kucheka kwa kulisikia tu. Mzungu mwenye shamba la mkonge akavuta leso akajifanya anapiga chafya. Somoe peke yake alikaa wima, amekaza macho mbele, kama mtu ambaye hajawahi kuwaona wanawake wawili walio pembeni yake.

Spika akagonga meza. Akauliza mwanamke yule ni nani.

Pakawa kimya, isipokuwa Koku, ambaye hakuwa na uwezo wa kuwa kimya. Ansbert akasimama. Uso wake ulikuwa umeiva.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "ni mke wangu."

Tarishi wa Baraza aliyevaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu alikuja akamshika Koku kiwiko kwa adabu, akamtoa nje, na Maryambai akafuata mwenyewe bila kutolewa. Mlango ulipofungwa nyuma yao, cheko likamwisha Koku mara moja, kama taa iliyopulizwa. Akaketi juu ya ngazi za baraza.

"Nimemharibia," alisema. "Wiki nzima amekariri. Kitu kimoja aliniomba, kimoja tu."

"Mie ndiye niliyekuchokoza," alisema Maryambai, akimpangusa machozi kwa ncha ya mtandio. "Nitamwambia hivyo. Akikununia, nitamnyima mkopo wa sigara."

Koku hakuweza hata kutabasamu. Alikuwa anaona jinsi mumewe angerudi nyumbani, avue koti, alitundike, asiseme neno. Ansbert hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikomchoma Koku.

Ghafla ukumbi mzima ukalipuka. Halikuwa cheko la mtu mmoja. Lilikuwa la wote, wazee kwa vijana, likitokea madirishani kama maji yanayovunja tuta. Likatulia, likaanza tena. Mlango ukafunguka, na Somoe akatoka, buibui limemkaa upande.

"Mumeo," alisema akihema, "kataja bata."

"Kasemaje?"

"Kaacha Kiingereza chote. Kamtazama yule Mzungu, kasema kwa Kiswahili, namwomba Waziri alieleze Baraza hili: hao wakazi anaowasema wana miguu miwili bila viatu, au wana miguu miwili yenye utando? Mkalimani wa Baraza akashindwa kutafsiri. Kila akianza anacheka. Alipoweza, ndipo ikawa hivyo mlivyosikia." Akaketi karibu na Koku. "Lakini hakusema bata wa Somoe. Kasema bata tu."

Koku alimtazama. "Ansbert wangu? Kasema utando?"

"Kwa kinywa chake."

Kitu kikamyeyuka Koku kifuani, na kwikwi ikarudi, ndogo, tamu. Walikuwa bado wamekaa hapo wakishikana mikono wakati wa mapumziko ya chai, wajumbe walipomwagika barazani na Waziri akaja moja kwa moja kwao, Ansbert nyuma yake. Wakasimama wote watatu.

"Wewe ndiye uliyecheka," Waziri alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, chenye lafudhi ya bara.

"Ndimi, Bwana. Naomba radhi."

"Usiombe. Karatasi ile niliisoma mimi. Wewe uliisikiliza tu. Bata ni wangapi?"

Koku akamtazama Somoe. Somoe akatazama viatu vyake.

"Mie sijui bata wowote," alisema Somoe. Kisha uungwana ukamshinda. "Lakini wakubwa ni kumi na tisa."

Midomo ya Waziri ilikazana kama ya mtu anayepigana na kitu. "Mnaweza kunionyesha?"

Baada ya kikao waliingia gari la Serikali, jeusi, refu, wanawake watatu nyuma na Ansbert mbele kwa dereva pamoja na Waziri, wamebanana. Gari lilikwenda vizuri mpaka Chang'ombe. Lilipoingia mchanga wa Temeke likazama magurudumu, na watu wa mtaa wakatoka kusukuma. Walipomuona Koku ndani, amekaa kama malkia na gauni la Krismasi, habari ikatangulia mbele ya gari. Walipofika nyumba ya kufulia, nusu ya mtaa ilikuwa imeshasimama mlangoni.

Waziri aliingia peke yake. Bata walimtazama kutoka kwenye makaro. Dume kubwa jeupe, lililokuwa na wake na watoto wa kulinda, likashuka, likanyoosha shingo, likaelekea moja kwa moja kwenye soksi zake ndefu nyeupe. Waziri akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kisha akapanda juu ya karo. Akashika bomba ili asianguke. Bomba likatoka ukutani, likabaki mkononi mwake, pamoja na donge dogo la saruji. Nyuma yake hapakuwa na mfereji wala tundu. Lilikuwa limebandikwa.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mtaa mzima ulimtazama Mzungu aliyesimama juu ya karo na bomba mkononi, dume la bata likimlia soksi, na kila mtu akashikilia pumzi.

Waziri aliligeuza lile bomba, akachungulia ndani yake kama anayetazama darubini, akamuona Koku upande wa pili. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akakaa chini ndani ya karo, na hapo mtaa nao ukajifungulia. Watoto waligaragara mchangani. Ansbert, aliyekuwa amejikaza tangu asubuhi, alimwegemea mkewe begani akalia machozi ya kucheka, koti lote likajikunja.

"Mama Avelina," alisema alipopata pumzi, "umeniponza vizuri."

Kesho yake Waziri alisimama mbele ya Baraza akasema kwamba jibu lake halikuwa sahihi, na kwamba mafundi wangefika Temeke juma hilohilo. Wajumbe wakapiga meza kumpongeza, kwa kuwa si kila siku waziri hukubali kosa lake bila kusukumwa. Mafundi wakafika kweli. Walichimba mtaro kutoka barabara kuu, wakalaza mabomba ya chuma, wakagombana na Somoe kila asubuhi, mpaka wakakubaliana kumjengea bata wake banda nyuma ya ukuta, mahali maji machafu yatakapomwagika. Somoe akalikagua banda kwa makini, akaagiza mlango ugeuzwe utazame kibla.

Maji yalikuja siku ya Jumamosi alasiri. Kwanza bomba lilikohoa, likatema kutu, likapiga mluzi, kisha yakatoka meupe, mengi, yenye nguvu. Wanawake waliokuja na beseni za nguo hawakufua hata kitambaa. Mmoja alimrushia mwenzake kiganja cha maji, mwenzake akajibu kwa kata, na muda si muda nyumba nzima ilikuwa vita. Maryambai, mke wa mwenye duka, mama wa watu wazima, alimwagiwa ndoo nzima na Somoe, akasimama akitweta, mtandio umemganda, kisha akachota ndoo yake na kumfukuza Somoe kuzunguka makaro.

Ansbert alitokea njiani akitoka kikaoni, amevaa suti, mkoba kwapani. Koku alimuona kabla hajawaona wao. Akajaza beseni polepole, akajificha nyuma ya nguzo, akangoja mumewe asogee. Ansbert alipofika mlangoni na kuinua mkono kusalimu, yalimwangukia yote, kuanzia kichwani hadi viatuni.

Akasimama pale, maji yakimchuruzika kidevuni. Wanawake wakashusha ndoo. Ansbert aliuweka mkoba wake kwa uangalifu mahali pakavu, akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali hadi magotini.

"Nani ana ndoo ya ziada?" aliuliza.