Mikono ya Odilia Iko Zamu

Asubuhi hiyo Faudhia, fundi wa kompyuta, alikuwa amemaliza chapati, anapuliza chai ya tangawizi katika chumba cha nyuma ya duka la Nurudini, Kasulu mjini, alipoiamsha kompyuta ya Zahanati ya Nyakigunga. Nyakigunga iko Kibondo, mlimani huko, na kompyuta yenyewe ilikuwa imezimwa tangu jana yake. Hilo halikumsumbua. Ndani ya prosesa za kompyuta zile mna sehemu ndogo isiyolala. Kompyuta ikizimwa, yenyewe iko macho, mradi plagi imo ukutani na kebo ya mtandao imechomekwa. Fundi anaiamsha akiwa popote, anaingia, anatibu kinachouma, anaizima, anarudi kwenye chai yake. Jamani, aliyebuni kitu kile apewe maua yake angali hai.

Siku hiyo kompyuta iliamka vizuri, kioo kikawaka, lakini ikakataa kufanyiwa chochote. Faudhia alijaribu weee, akachoka, akampigia simu Odilia, muuguzi wa pale.

"Dada Odilia, mashine yako imenigomea."

"Umeisalimia?"

"Kuisalimia?"

"Mdogo wangu, unaingia nyumba ya watu moja kwa moja mpaka jikoni, nani atakupokea? Hapa ni Uha. Salimia kwanza."

Faudhia ni mtu wa Pangani, na watu wa Pangani hawapendi kufundishwa adabu. Lakini alishakaa Kasulu muda wa kutosha kujua Waha wanavyosalimiana: unainama kidogo, unapiga viganja polepole, unaulizia nyumbani, watoto, maharage shambani, na huna haraka ya kwenda popote. Akasogeza kikombe. Akapiga viganja mbele ya kioo, akasema "Mwakeye," akaulizia wote waliolala Nyakigunga. Alipofika kwenye maharage, mikono yake ikatokea kule Nyakigunga, juu ya meza, kando ya kibodi, kuanzia viwiko hadi kucha, na hina ya Idi ikiwa bado haijafutika. Huku Kasulu mikono ya baibui ikaning'inia mitupu.

"Haya sasa," Odilia alisema kwenye simu. "Kabla hujaanza hiyo kazi yako, nifungie dirisha hilo, upepo unaliponda."

Mikono ikafunga dirisha. Kisha ikatengeneza kompyuta, ikapiga viganja kuaga, ikarudi Kasulu. Chai ilikuwa bado ya moto.

Ikawa ndiyo desturi. Faudhia akipata nafasi, anasalimia, mikono inakwenda. Ilikunja mashuka, ilishika taa, ilibembeleza watoto waliochomwa sindano. Wanawake wa Nyakigunga waliisifu kwamba ina joto, tena haina maneno mengi. Na kazi ilikuwepo, usiseme. Zahanati ile ilitakiwa iwe na wauguzi wawili. Wa pili aliolewa akahamia Mwanza, na tangu hapo Odilia alikuwa akiomba mwenzake, akijibiwa avumilie. Alizalisha yeye, alichanja yeye, alifagia yeye. Kidole kimoja hakivunji chawa, alizoea kusema, akaendelea kuvunja chawa kwa kidole hicho kimoja.

Mwaka huo mama yake, Bi Epifania, aliugua kule Gwarama. Hakuwa mgonjwa wa kupona. Jirani aliyemtunza alipiga simu, akampa na mama mwenyewe aongee, na mama akasema jambo moja tu: "Njoo nikuone."

Odilia akampigia Bwana Leonidasi, msimamizi wa zahanati zote za shirika linalomiliki ile ya Nyakigunga. Leonidasi alikuwa mtu mwema, anayeulizia watoto wa kila mtu kwa majina yao.

"Pole sana, sista. Kweli nakuonea huruma. Lakini ukienda, nani anabaki?"

"Nipeni mtu, mzee. Hata wa siku chache."

"Mtu sina. Ningekuwa naye ningekupa hata leo."

Na kweli hakuwa naye. Odilia akakata simu, akaenda kupima mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni mwa mtu.

Basi ikafika siku ya radi. Wanawake wawili walishikwa na uchungu kwa pamoja, Zaitun, mke wa muuza vitenge, na binti mmoja wa mimba ya kwanza. Odilia akaomba msaada Kasulu. Faudhia akasalimia haraka kuliko inavyotakiwa, lakini mashine ikamsamehe, mikono ikafika. Odilia akawa kwa binti, mikono ikawa kwa Zaitun, na Odilia anaielekeza kutoka kitanda cha pili: shikilia hapo, usivute, subiri, haya mpokee.

Ndipo mbingu zikapasuka. Sasa, milima ile ina radi isiyo na simile, na kila mtu kule anajua la kufanya: unafunika kioo cha kujitazamia kwa kitenge, na unachomoa kila kilichochomekwa ukutani. Mzee Niyibizi, mlinzi, aliyebaki upande huu wa mpaka kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila ilipofungwa, hakuwa mtu wa kungoja kuambiwa. Alifunika kioo. Akachomoa redio, akachomoa birika, akachomoa kompyuta.

Mikono ya Faudhia haikushtuka. Ilimpokea mtoto wa Zaitun, ikamfuta, ikamlaza kifuani kwa mama yake. Kompyuta ilikuwa imekufa kabisa na mikono ikaendelea kumpangusa Zaitun jasho. Kule Kasulu, Faudhia aliona kioo kimekuwa cheusi, akatazama mikono ya baibui, akamwita Nurudini amnyweshe chai kwa mrija. Mvua ilipokatika Niyibizi akarudisha plagi, Faudhia akasalimia upya, na mikono ikarudi ikinuka sabuni ya hospitali. Watoto wote wawili walikuwa wazima. Hapo mtu akitaka kuisifia prosesa aisifie, aisifie na mikono, na Odilia asimsahau.

Habari ilimfika Leonidasi. Alifurahi mpaka akaenda mwenyewe Nyakigunga, akapeana mkono na Niyibizi, akambeba mtoto wa Zaitun. Kisha akakaa mbele ya Odilia akiwa na uso wa mtu aliyeleta zawadi.

"Sista, ruhusa yako ya kwenda Gwarama ipo."

Odilia akapiga magoti palepale kwenye saruji. "Mungu akubariki, mzee. Nani anakuja?"

"Haji mtu. Plagi ikichomolewa, mikono inabaki, si ndiyo? Basi acha ya kwako."

Odilia akafikiri. "Na ya Faudhia je?"

"Ya Faudhia haikusomea uuguzi. Yako ina cheti. Faudhia atakuwa anatazama kupitia kamera ya simu utakayoacha mezani kwako, anaongea na wagonjwa, mikono inafanya kazi. Sheria inataka muuguzi asiondoke kituoni, na kwa kweli hutakuwa umeondoka wote." Akapangusa vumbi la magoti yake, ingawa hakuwa amepiga magoti. "Tena na lile ombi la muuguzi wa pili sasa tunaweza kulipumzisha. Limetusumbua wote."

Kila mtu aliona lina mantiki. Faudhia peke yake ndiye aliyesema kwenye simu, "Dada, usikubali, watazoea." Odilia akamjibu kwamba mama hangoji watu wazoee.

Akaenda mbele ya kompyuta. Akainama, akapiga viganja polepole, akaulizia nyumbani, watoto, maharage. Mikono ikapita ndani ya kioo, ikatokea Kasulu juu ya meza ya Faudhia, ikasubiri. Faudhia akairudisha Nyakigunga kwa heshima zote, na ilipotua mezani kule, Niyibizi akachomoa plagi huku akitazama pembeni. Mikono ikajinyoosha, ikavaa glavu, ikaenda kumfunga mtu kidonda.

Odilia akaondoka na bodaboda. Dereva alimfunga kwa kitenge kiunoni mwake ili asidondoke kwenye makorongo, akamwambia ashike imara, akakumbuka, akaomba radhi. Njiani walipita mashamba ya mihogo, na watu waliokuwa wakilima waliposimama kumpigia viganja, yeye aliitikia kwa kichwa.

Gwarama alimkuta mama yake peke yake. Jirani alikuwa ameenda shambani, ameacha bakuli la uji kwenye kigoda na kijiko ndani yake. Epifania alikuwa amekonda, mifupa tu, lakini macho yalikuwa yale yale. Odilia akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Umekuja," mama akasema.

"Nimekuja, mama."

"Nishike basi."

Odilia akamwinamia, akaweka shavu kwenye shavu la mama yake. Epifania akapapasa blanketi, akapapasa mabega ya mwanawe, akashuka mpaka kwenye viwiko.

"Mikono iko wapi?"

"Iko zamu, mama."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

"Inafanya nini?"

"Saa hizi nadhani inachanja watoto."

Epifania akatikisa kichwa polepole, kwa sifa. Mikono ile aliilea yeye, alisema, tangu ikiwa midogo haikuwahi kukaa bure. Akauliza kama mwenzake Odilia kazini ameshaletwa. Odilia akasema bado. Akauliza kama ataletwa. Hapo machozi yakamtoka Odilia, na kwa kuwa hakuwa na cha kuyafutia, mama akayafuta kwa ncha ya shuka.

"Toka asubuhi umekula?"

"Sijala."

"Na ungekulaje." Epifania akajivuta, akaegemea ukuta, akapumzika, akachukua bakuli. Akakoroga, akapuliza. "Fungua mdomo."

Odilia akafungua. Wakawa wanapokezana uji ule wa mtama, kijiko cha mtoto, kijiko cha mama, mpaka mkono wa Epifania ukachoka. Aliuegemeza bakulini. Uji ulikuwa bado nusu, na wote wawili walikuwa bado na njaa, wakawa wanautazama.