Wa Kuhamishwa ni Mtoto

Agneta alikuwa bado anafuta tope la mtaa wa Matisi kwenye viatu, mlangoni mwa ofisi ya watoto mjini Kitale, bosi wake Kimeli alipomwambia kwamba uamuzi umetoka. Shamira apelekwe makao ya wasichana Bungoma, leo hii.

Shamira ana miaka kumi na minne. Kwao hakuna stima, kwa hiyo kila jioni mamake humtuma kuchukua simu kwenye kibanda cha kuchezea pool, ambako nusu ya mtaa huchajisha. Huko wanaume humzuilia ile simu mpaka akubali kushikwashikwa. Alinyamaza mwaka mzima. Alipomfungulia Agneta moyo, aliomba ahadi moja tu, kwamba hataondolewa kwao. Agneta akaahidi bila wasiwasi, kwani alidhani kitakachoondolewa ni kibanda.

"Si tufunge hicho kibanda?" aliuliza.

"Kina leseni, bana, na mwenyewe ni mtu wa chifu. Mimi nina uwezo juu ya mtoto. Juu ya pool sina."

Kimeli hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Agneta zaidi, maana hakuwa na wa kumtukana. Polisi nao walisema wanachunguza. Angeweza kukataa, lakini je, jioni hiyo wale wanaume wakimfanyia mtoto makubwa zaidi? Akachukua ufunguo wa gari la ofisi.

Huko Matisi, Mama Shamira alikunja hijabu ya shule na kanga moja akazitia kwenye begi dogo. Aliuliza taratibu ni nani aliyekosa, maana yeye alizoea kuona anayesafirishwa na serikali ni mwizi. Mnyonge hana haki, walisema wahenga, na wala hawakutaja kwamba hata kitanda chake kwao atanyang'anywa.

Walipofika Bungoma, mlinzi alipokuwa akifungua geti, ndipo Shamira alipouliza.

"Anti, ni mimi nilikosa?"

"Hapana, mwanangu. Hukukosa."

"Sasa mbona ni mimi nafungiwa?"

Agneta alimkabidhi kwa matroni, akarudi kwenye gari akalia waziwazi, na mlinzi akajifanya kutazama barabara.

Jioni alipitia Matisi kumpa mama habari. Kibanda kilikuwa wazi, vijana wamezunguka meza wakicheka. Linah, aliyekaa dawati moja na Shamira, alikuwa akitoka humo mbio, simu ya kwao mkononi na kola ya shati imechanika.

Agneta alishuka, akamshika bega, akamwuliza wamemfanya nini.

Linah alilitazama gari la ofisi, kisha akautoa ule mkono begani polepole.

"Hakuna kitu, Madam," akajibu. "Mimi sijasema kitu."