Kiuno cha Dereva

Baiskeli yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa chuma na pedali tu, imesimama sebuleni kati ya kochi na kabati la vyombo, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na Mama Tepu angeweza kuizoea kama alivyolizoea friji lao linalonguruma. Aliyemkosesha raha ni yule mwanamke wa kwenye skrini.

Maana baiskeli hii ilikuja na mwalimu. Juu ya usukani kuna skrini ndogo, unaiunganisha na intaneti, na huyo hapo: meno meupe, kiuno chembamba, nguo imembana kila mahali. Anafundisha moja kwa moja, yeye huko aliko, wanafunzi kila mtu nyumbani kwake, na anaona majina yao na mwendo wa kila mmoja. "Haya wapenzi wangu, kanyageni! Usiniache, mpenzi, bado kilima kimoja!" Na Dereva, mume wa mtu, baba wa binti mkubwa, anaitikia kwa sauti, "Nakuja!"

Nakuja! Anakwenda wapi huyo, na baiskeli haina hata tairi?

Mama Tepu alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu tepu ya kupimia haikutoka shingoni mwake tangu asubuhi mpaka anapokwenda kulala. Chumba chake cha kushonea kilipakana na sebule, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, mume wake akipanda baiskeli, yeye alikaa kwenye cherehani na kuiendesha kwa hasira mpaka meza ikatikisika, ili asisikie. Wapi! Neno "mpenzi" lilipita ukutani, likapita mlio wa cherehani, likaja kumkaa kifuani. Mengine yote hakuyasikia. Hilo alilisikia kila lilipotajwa.

Na kuchana nywele je? Jamani, nani anachana nywele ili akatoke jasho? Dereva alichana. Akapiga mswaki, akavaa fulana iliyopigwa pasi, ndipo akapanda. Miaka ishirini na mbili mkewe alikuwa akimsihi apige mswaki kabla ya chai, na jibu lilikuwa moja: "Meno ni yangu." Leo meno yamekuwa ya nani?

Ukweli usemwe, daktari ndiye aliyeanzisha. Dereva aliendesha lori la saruji, siku nzima amekalia kiti, na presha yake ilikuwa imepanda mpaka daktari akaweka kalamu chini. "Punguza hilo tumbo, mzee wangu. Sikutishi." Dereva akajaribu kutembea, siku ya nne akaacha. Akajaribu kuruka kamba sebuleni, akavunja glasi mbili na kioo cha saa ya ukutani. Ndipo dereva mwenzake aliyekuwa akihama mji akamuuzia baiskeli kwa bei ya kutupa, na ndani yake mwezi mmoja wa masomo ya bure. Mwezi ukiisha, unalipa ada kila mwezi au skrini inazimika. Na ada yenyewe si mchezo, ingelipa umeme wa nyumba nzima na maji juu.

Siku ile ya kwanza walipatana, na ni Mama Tepu mwenyewe aliyetoa wazo. "Sisi tuna tepu, tusibishane. Nikupime leo, nikupime mwezi ukiisha. Kiuno kikipungua inchi mbili, tunalipa. Kisipopungua, kwaheri mwalimu." Dereva akakubali papo hapo. Wakapima, arobaini na moja, na Dereva akaandika.

Akaandika yeye, kwa sababu ndiyo ilikuwa desturi ya chumba kile. Fundi anapima na kutaja, mteja anaandika mwenyewe kwenye daftari kwa mkono wake, kesho asije akasema amebanwa au amepwayiwa. Nusu ya mtaa ilikuwa imeandika mabega na nyonga zake mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba aoneshwe tepu. Mama Tepu akisema ishirini na tisa, ni ishirini na tisa.

Wiki ya tatu akaja wifi yake, dada wa Dereva, kupimwa gauni la mahafali. Binti yao alikuwa anahitimu uuguzi mwezi unaofuata, na ukoo mzima ulitaka kupendeza.

"Kaka yangu naye siku hizi!" wifi akasema huku akiandika kifua chake kwenye daftari. "Nimempita hapo nje, nikaona kumbe ana shingo. Suti yake umeshaikata?"

"Kila nikimwambia nimpime ananijibu, usikate kitambaa bado."

"Mh! Wifi yangu, mwanamume akikataa kushonewa na mkewe, ujue macho yake yako dukani. Na macho yakishazoea kutoka nje..." Akacheka, akampiga Mama Tepu begani. Alikuwa anatania. Mawifi wametaniana tangu dunia iumbwe, na siku nyingine Mama Tepu angemjibu kwa utani mkali zaidi. Siku hiyo alimchoma pini kwenye kwapa, na mpaka leo haijulikani kama ni bahati mbaya.

Tangu hapo akawa hajiwezi. Akipika, anamwona yule mwanamke. Akikata kitambaa, anamwona. Siku moja Dereva hayupo alijaribu kupanda baiskeli, aone mumewe anaona nini. Akakanyaga dakika mbili, pumzi zikamtoka, gauni likanaswa kwenye pedali, akashuka akiwa na kijiba cha roho kikubwa kuliko alichopanda nacho. Hakumchukia kwa uzuri tu. Alichomwonea wivu ni kwamba mumewe, ambaye yeye alimwomba, akamgombeza, akamlilia afanye mazoezi, alikuwa anamtii mtu mwingine kwa furaha.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika. Dereva alimaliza somo, akaoga, akaja kwenye chumba cha kushonea akijifuta masikio.

"Haya Fundi. Leo ndiyo leo. Skrini imeniuliza kama naendelea."

"Kwani lazima skrini?" Mama Tepu akasema. "Pedali si unazo, na miguu unayo? Kanyaga kimya kimya kama watu wazima."

"Bila yeye nachoka dakika ya tano. Unanijua."

Bila yeye! Aliitamka waziwazi, tena mbele ya mkewe. Mama Tepu akaivuta tepu shingoni.

"Njoo nikupime," akasema.

Dereva akasimama wima, akanyanyua mikono. "Sivuti tumbo, angalia. Mambo ya haki." Akatazama ukutani, kama wateja wote wanavyofanya. Mama Tepu akazungusha tepu, akaikutanisha kitovuni, akasoma.

Thelathini na nane.

Alisoma mara ya pili. Thelathini na nane kamili. Inchi tatu zimetoka kwenye mwili wa mume wake, presha nayo bila shaka imeshuka, na alipaswa kupiga kigelegele pale pale. Badala yake alichosikia kichwani ni ile sauti: mpenzi, bado kilima kimoja. Inchi tatu hizo amezitoa yule. Mimi miaka yote sikutoa hata nusu.

"Arobaini na nusu," akasema.

Dereva akashusha mikono taratibu. "Na nusu?"

"Na nusu."

"Mbona suruali zinanilegea?"

"Mkanda wako umechakaa, umetanuka. Nilishakwambia ununue mwingine."

Dereva hakutazama tepu. Alichukua kalamu, akainama kwenye daftari, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa: arobaini na nusu. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa simu.

"Basi. Tulipatana." Akabonyeza, akabonyeza tena, akasoma kwa sauti, "'Mume wa Fundi, una uhakika unataka kutuacha?'"

"Mume wa Fundi ndiyo nani?"

"Si mimi? Waliniambia nijaze jina la darasani, nikajaza hilo. Ndivyo anavyoniita kila asubuhi. 'Mume wa Fundi, mgongo wima! Mume wa Fundi, leo umependeza, fundi amekupigia pasi?' Darasa zima wanacheka. Hujawahi kusikia na ukuta ni huu hapa?"

Hakuwahi. Alikuwa anaendesha cherehani.

Mama Tepu akafungua mdomo, na Dereva akabonyeza Ndiyo. Sebuleni skrini ikatoa mlio mdogo, ikazimika.

"Usinune, Fundi," Dereva akasema, maana aliuona uso wa mkewe ukimbadilika. "Kosa si lako, tumbo ni langu. Ngoja nikuletee kitu."

Akaenda chumbani, akarudi na boksi lililofungwa kamba. Ndani yake mlikuwa na suti ya kijivu. Mama Tepu aliitambua kabla haijakunjuliwa. Ilikuwa suti ya kwanza aliyoshona maishani mwake, akiwa bado mwanagenzi, suti ambayo Dereva aliivaa siku ya kumwoa. Mfuko wa ndani ulikwenda upande, na wakati ule aliona aibu mpaka akalia.

"Ndiyo maana nilikuwa nakuzuia usikate kitambaa," Dereva akasema. "Nilitaka mtoto anione nayo kwenye mahafali yake. Nikasema nitaingia humu hata kama ni kwa kukanyaga mpaka nizimie. Haya, imeshindikana, sasa tufanyeje? Niongezee kiuno. Uliacha akiba ya kitambaa, nakumbuka, mama yako alikwambia nitanenepa." Akajaribu kucheka, kicheko hakikufika mbali. "Mimi naenda kunyoa."

Alipotoka, Mama Tepu aliitandaza suruali mezani na kuipima. Thelathini na nane kamili.

Akiiacha ilivyo, itamkaa, na uongo uko wazi. Akiiongeza, itamvuka, na uongo uko wazi vilevile. Isipokuwa. Wazo lilikuja lenyewe, naye hakulifukuza haraka. Isipokuwa aongeze, kisha amwambie asiijaribu mpaka siku yenyewe. Mwezi mzima bila baiskeli, mtu wa lori, mtu wa chapati tatu asubuhi. Mpaka siku ya mahafali kiuno kitakuwa kimerudi kule kule, suruali itamkaa vizuri, na hakuna atakayejua.

Akachukua wembe, akaanza kufumua mshono wa nyuma. Uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Anamnenepesha mume wake ili afiche namba. Alilisema kwa sauti, peke yake chumbani, na liliposikika hivyo lilimtisha. Daktari ameweka kalamu chini, na yeye anasubiri tumbo lirudi! Akatupa wembe kwenye kopo la vifungo. Akatia uzi kwenye sindano, akazirudishia zile nyuzi tatu kwa mkono, akawasha pasi.

Dereva alirudi amenyolewa, ananukia poda. Alivaa suruali akiwa amempa mkewe mgongo, akafunga kifungo, akavuta zipu, akageukia kioo.

"Lahaula!" akapaza sauti. "Fundi wewe! Umeongeza inchi mbili na nusu na hata mshono hauonekani! Hebu tazama! Nani atasema hii imeguswa?" Akajigeuza upande, akajipapasa kiuno. "Ndiyo maana nawaambia watu. Nawaambia, mnaye fundi hapa mtaani, mnachezea bahati."

Mama Tepu angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, na aliyeufungua ni Dereva mwenyewe kwa sifa zake.

"Sijaiongeza," akasema.

"Unasemaje?"

"Hata nusu inchi. Kiuno chako ni thelathini na nane. Asubuhi nilikudanganya." Machozi yakaanza kumtoka, na maneno yakatoka nayo. "Ni wivu, Dereva. Wivu mtupu. Anakuita mpenzi na wewe unaitika. Unachana nywele. Unapiga mswaki! Mimi nimekubembeleza miaka yote, yeye kwa mwezi mmoja tu... Nilimwonea wivu nikashindwa."

Alitegemea acheke. Dereva alikuwa mtu wa kucheka, na kwa kweli kulikuwa na la kuchekesha hapo. Hakucheka.

"Aliyoniambia daktari," akasema, "nilikwambia wewe peke yako. Hata dada yangu sikumwambia."

"Najua."

"Na nimeshajitoa. Nilikuwa naacha kabisa."

"Najua, mume wangu. Nisamehe."

Dereva akanyoosha mkono na kuivua tepu shingoni mwa mkewe. Hakuna mkono mwingine uliowahi kuivua. Akaizungusha kiunoni mwake, akaikosea, ikamponyoka, akaanza upya, na safari hii akainamisha kichwa na kutazama namba kwa macho yake.

"Thelathini na nane," akasoma.

Akaenda kwenye daftari, akapiga mstari juu ya ile arobaini na nusu, akaandika namba mpya. Halafu akatoa simu, akampa mkewe.

"Nirudishe darasani. Wewe mwenyewe."

Mama Tepu akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akaanza kubonyeza. Akakubali ada, akakubali na masharti ambayo hakuyasoma. Mwishoni ikaulizwa jina la darasani, na kisanduku kilikuwa kitupu.

"Niandike Mume wa Fundi?" akauliza. Alijaribu kutabasamu.

Dereva alikuwa bado ameshika tepu. Alifikiri kidogo.

"Andika Dereva," akasema.

Akaandika Dereva.