Jedwali la Maji ya Bwawa la Mtambile

Jumatatu, tarehe 15 Julai, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mashine ya hewa ilikuwa imezimwa na perege 311 walikuwa wakielea matumbo juu.

Suhaila, mtaalamu wa samaki, alikuwa ndiyo kwanza ameshuka garini kutoka Tibirinzi. Aliwahesabu mara mbili. Bwawa la Mtambile lilikuwa na mifereji miwili ya zege iliyojengwa ndani ya maji yenyewe, mmoja wa kambare, mmoja wa perege. Mashine ilipuliza hewa na kuyasukuma maji yapite kwenye mifereji usiku na mchana, yazunguke bwawa, kisha yarudi. Mkondo ukisimama, perege waliobanana hukosa hewa. Kambare huinua vichwa wakavuta hewa ya juu.

Walipandikizwa perege 2,400. Alhamisi mkaguzi, Bwana Haroub, angekuja kuhesabu. Wakiwa chini ya 2,000, bonde lingerudishwa kuwa shamba la mpunga. Walibaki 2,089.

Mlinzi, Mzee Nyange, alikuwa amekaa mlangoni mwa banda la mashine akinywa chai. Alivua samaki baharini Kojani miaka arobaini kabla ya kuajiriwa hapa.

"Shikamoo, Mzee Nyange. Nani kazima mashine?"

"Marahaba, mwanangu. Nimezima mie. Leo mwezi nane, maji mafu, bahari haina nguvu."

"Hili ni bwawa, mzee."

"Maji yanakwenda au hayendi?"

"Yanakwenda."

"Basi maji yanayokwenda hupumzika. Mie sijapata kuona mkondo wa upande mmoja, hauchoki, haugeuki. Huo ni ugonjwa."

"Wamekufa mia tatu na kumi na moja!"

"Kambare wamekufa wangapi?"

Suhaila aliwasha mashine, akautazama mfereji wa pili. Hakuna kambare aliyekufa.

"Umeona? Kambare anajua bahari. Hao perege wako ni washamba tu."

Alasiri kamati ya bwawa ilikutana. Suhaila aliomba mlinzi akatazwe kugusa swichi. Bi Kazija, mwenyekiti, aliuliza kama kuna mwenye hoja. Mjumbe mmoja alisema kosa la Mzee Nyange liko wazi: alifuata maji ya Kojani, yaani ya mashariki, na Mtambile iko karibu zaidi na magharibi. Mwingine alisema kila mlinzi hufuata maji ya kwao. Mjadala ulichukua saa tatu. Hakuna aliyeuliza kama bwawa lina kupwa na kujaa. Iliamuliwa kwa kura saba dhidi ya moja kwamba bwawa lifuate maji ya Mkoani, pwani ya magharibi, na mapumziko yawe nusu saa.

Jumanne asubuhi walikufa perege 62. Walibaki 2,027. Nusu saa nyingine ingetosha kulimaliza jambo.

Suhaila hakubishana tena. Alichukua karatasi na rula, akachora jedwali. Juu aliandika: Nyakati za Maji, Bwawa la Mtambile. Safu ya kujaa: saa zote ishirini na nne. Safu ya kupwa: hakuna. Kuanzia: Jumanne, saa nane mchana. Akampelekea sheha, mwakilishi wa serikali mtaani.

Sheha Yussuf alilisoma lote. "Hizi ni saa za Mkoani?"

"Ni za hapa hapa, sheha."

"Afadhali," alisema, akagonga muhuri.

Mzee Nyange alivaa miwani, akaukagua muhuri kwanza, kisha maandishi. "Kupwa hamna kabisa?"

"Hamna, mzee."

"Serikali imesema?"

"Muhuri huo."

"Haya. Sizimi."

Hakuzima. Jumatano hakufa perege hata mmoja. Siku hiyo hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, Mzee Nyange alikwenda nyumba kwa nyumba na jedwali mkononi. Maji ya bwawa, aliwaeleza jirani, sasa yanajaa tu, hayapwi, na sheha amethibitisha. Hadi magharibi nyumba tisa za bondeni zilikuwa tupu. Majamvi ya kuanikia karafuu yalihamishiwa mlimani, pamoja na kuku, magodoro na friji moja. Bi Kazija alihama na kitabu cha mihtasari.

Suhaila alimfuata njiani. "Bi Kazija, maji hayajapanda hata inchi!"

"Tumeshahama, ndiyo maana unasema hivyo," alijibu Bi Kazija.

Alhamisi saa nane mchana Bwana Haroub alifika. Mzee Nyange alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi kwenye nchi kavu, umefungwa kwenye mkarafuu kwa kamba mbili. Mkaguzi alimsalimia, akaenda mferejini. Kuhesabu kwa nyavu kulichukua saa mbili. Kambare 1,500, wote hai. Perege 2,027.

"Umefaulu, Bi Suhaila," alisema. "Yule mzee vipi?"

Walipomfikia, Mzee Nyange alimpa jedwali. Bwana Haroub alilisoma, akatazama muhuri, akatazama saa yake.

"Yanajaa tangu Jumanne saa nane?"

"Tangu Jumanne," alisema Mzee Nyange. "Saa hamsini. Weye umesoma, piga hesabu."

Bwana Haroub alipiga hesabu. Saa kumi na dakika kumi na mbili alivua viatu, akaingia mtumbwini, na huko ndiko alikotia saini fomu ya bwawa.